UZI: Kupamba nyumba mpya Dodoma kwa vitu vya mtumba (ukaguzi, vipimo na marekebisho)

Mbao Kavu
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoanza maisha kwenye nyumba mpya hapa jijini, iwe umemaliza kujenga Nzuguni au Iyumbu, umepanga Ilazo, au umehamishiwa kazi Mtumba (kule kwenye mji wa serikali) na vitu vyako umeviacha mkoa uliotoka. Hela imeishia kwenye ujenzi au kwenye kodi ya miezi sita, sebule iko tupu. Vitu vya mtumba vinaitosha kabisa kazi hiyo. Mara nyingi utapata mninga au mkongo uliokwisha kukauka kwa hela ambayo dukani unapewa chipubodi iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Sharti ujue unachokagua.

Naanza na hewa ya Dodoma, maana ndiyo inayoharibu vitu vya watu bila wao kujua. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha ukavu mtupu mpaka mwisho wa mwaka. Mbao huvuta na kutoa unyevu kufuatana na hewa inayoizunguka. Kabati lililokaa Dar au Tanga miaka mingi likifika huku linapoteza unyevu na kusinyaa. Miguu ya meza inaanza kucheza, droo zinalegea, na mlango wa ubao mpana unapasuka katikati kwa sababu umegundishwa pande zote na hauna nafasi ya kusinyaa.

Kwa hiyo kitu kilichotoka pwani usikigundishe wala kukipiga vanishi siku kinaposhushwa. Kiweke ndani, mbali na dirisha lenye jua, kama mwezi mmoja au miwili. Kikishazoea hewa, ndipo ukaze. Ungio lililolegea ligonge kwa nyundo ya mpira (au nyundo ya kawaida juu ya kipande cha ubao) mpaka lifunguke, ukwangue gundi yote ya zamani kwa patasi, uweke gundi mpya ya mbao, ulirudishe. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu, hivyo anayemimina gundi juu ya ufa bila kufungua anapoteza gundi yake. Huna klampu? Zungusha kamba mara mbili, ingiza kijiti katikati, kisokote mpaka kamba ikaze, kisha kizuie kijiti kisirudi. Acha saa 24.

Wapi pa kupata: mapazia, mashuka na vitambaa zunguka Sabasaba na Majengo asubuhi, robota (mabunda ya mtumba) zikiwa ndiyo kwanza zinafunguliwa. Samani zifuate kwa wanaohama. Mwisho wa mwaka wa masomo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaopanga mtaani huuza vitanda, meza na rafu kwa haraka. Ofisi nazo huuza madawati, viti na makabati ya chuma kwa mnada wa hadhara, na matangazo hubandikwa na kutolewa magazetini. Kumbuka mnadani kitu kinauzwa kama kilivyo, mahali kilipo, hakuna kurudisha. Nenda siku ya kukagua, usiende siku ya kunadi peke yake.

Ukinunua mtaani, andikishaneni karatasi ya mauziano yenye tarehe, maelezo ya kitu na sahihi za wote wawili, na ikiwezekana mjumbe awepo. Mali ya wizi ikikutwa kwako, maelezo ya mdomo hayatakusaidia.

Mama wa Nala
Asante mkuu. Tuelezeni makochi. Naangalia seti ya watu saba, mbao inaonekana nzuri ila kitambaa kimechoka na sponji imebonyea. Inafaa kufufuliwa au niachane nayo?

Fundi Makochi
Dada, kitambaa na sponji visikutishe, hivyo vinabadilishwa. Angalia fremu. Nyanyua mguu mmoja wa mbele kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Kufikia hapo mguu wa pili wa mbele unatakiwa uwe umeshaanza kupanda. Kama bado umekaa chini, fremu inajikunja, maana yake maungio yamekwisha au kuna ubao uliovunjika ndani.

Kisha ligeuze kochi miguu juu. Chini kuna kitambaa cheusi kilichopigwa pini. Muombe muuzaji ubandue pembe moja tu na umulike na tochi ya simu. Ukiona fremu ya chipubodi, acha, pini hazishiki tena ukija kuvalisha upya. Ikiwa msonobari au mbao ngumu, endelea. Tazama mikanda ya mpira: ivute na uikunje, ikionyesha nyufa ndogondogo hesabu kuwa utaweka mipya. Springi za nyoka (zile za waya uliopindapinda) zilizochomoka kwenye vibanio ni kazi ndogo, ila ukikuta ubao wenyewe unaoshika vibanio umepasuka, kazi imekuwa kubwa.

Vipimo vya kuvalisha, kwa kitambaa cha upana wa mita 1.4: kochi la watu watatu lenye mito ya kutoa linakula mita 6 hadi 7, la watu wawili mita 5, la mtu mmoja mita 3. Seti yako ya watu saba (3, 2, 1 na 1) ni kama mita 18. Kitambaa chenye maua makubwa au mistari ya kuoanisha ongeza mita 2 kwa seti nzima, la sivyo fundi atakuwekea maua yaliyopinduka.

Sponji ya kukalia iwe inchi 4 au 5 na iwe nzito. Usinunue kwa kuangalia unene tu. Ibonyeze kwa ngumi mpaka chini kisha iachie: nzuri inarudi mara moja, nyepesi inarudi polepole na baada ya miezi michache unakalia mbao. Ya mgongoni iwe laini zaidi, huko hakuna uzito mkubwa. Juu ya sponji tandaza pamba ya sofa kabla ya kitambaa. Wengi wanairuka kubana matumizi, halafu pembe za mito zinakuwa kali na kitambaa kinaisha haraka hapohapo kwenye pembe.

Bei: jumlisha bei ya seti, kitambaa, sponji, ufundi na kirikuu ya kubeba. Jumla ikipita theluthi mbili ya bei ya seti mpya yenye mbao ya aina hiyohiyo, achana nayo, labda iwe mninga mtupu.

Jirani wa Ilazo
Kuhusu kitambaa kwa huku kwetu: chukua rangi ya kati, kahawia, kijivu cha mchanga, kijani kizito. Nyeupe na nyeusi zote zinaonyesha vumbi. Kitambaa chenye manyoya kinashika vumbi la Juni hadi Septemba na halitoki kwa kupangusa. Na leza (ngozi) ya bandia usiiweke karibu na dirisha la magharibi. Jua la alasiri na ukavu vinaikausha, inapasuka na kubanduka vipandevipande, na leza iliyobanduka hairekebishiki.

Mpangaji Kisasa
Na kunguni je? Hapo ndipo ninapoogopa mtumba. Nasikia ukianika kochi juani kutwa nzima wanakufa wote, jua la Dodoma si la mchezo.

Fundi Makochi
Hapana kaka, hilo limeingiza kunguni kwenye nyumba nyingi. Jua linapasha juu tu. Kunguni wanaingia ndani ya sponji na kwenye maungio ya mbao ambako joto halifiki. Wanahitaji joto la kama nyuzi 50 linalofika mpaka walipojificha na kukaa muda mrefu, na mayai ni magumu zaidi kuliko kunguni wenyewe. Pia wanaweza kukaa miezi bila kula, hivyo kuliacha kochi stoo wiki mbili hakusaidii.

Kagua hivi: chukua kadi ya simu au ya benki na tochi. Pitisha kadi kwenye mshono mmoja mmoja, chini ya mito, kwenye mkunjo kati ya kiti na mgongo, na pale kitambaa cheusi cha chini kinapokutana na mbao. Unatafuta vidoa vyeusi kama alama za wino wa kalamu, maganda meupe yanayopeperuka, na mayai meupe madogo yaliyoganda. Kwenye kitanda angalia matundu ya skurubu na pale ubao wa pembeni unapoingia kwenye kichwa cha kitanda. Ukikuta alama kwenye kochi unalolipenda sana, nunua fremu tu: vua kitambaa na sponji hukohuko kwa muuzaji, usivilete kwako, mwagia fremu maji yanayochemka kwenye maungio, ikauke kivulini, kisha piga dawa ya kunguni kwa kufuata maelezo ya kopo.

Vitambaa, foronya na vifuniko vya mito loweka kwenye maji ya moto sana au uvichemshe kabisa, vinatoka salama.

Godoro la mtumba usinunue. Hakuna namna ya kulikagua ndani. Hela ya godoro jipya ipatikane kwa kupunguza kwenye kabati.

Mbao Kavu
Naunga mkono fundi kwa asilimia mia. Na upande wa mbao kuna wadudu wawili ambao watu huwachanganya. Bungua anakaa ndani ya mbao yenyewe, anaacha vitundu vidogo vya duara na unga laini. Weka karatasi nyeupe chini ya kitu, kigonge kwa kiganja, subiri siku mbili. Unga mpya wa rangi nyepesi ukidondoka, mdudu yupo hai. Vitundu vyenye giza visivyotoa unga huenda ni vya zamani. Ingiza dawa ya wadudu wa mbao kwa sirinji tundu kwa tundu, funika kitu chote kwa nailoni wiki moja, kisha ziba matundu kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi.

Mchwa anatoka ardhini. Dodoma yupo kila mtaa, na anapita kwenye ufa wa sakafu nyuma ya kabati ambako huoni. Acha nafasi ya sentimita 5 kati ya kabati na ukuta, weka kipande cha kigae chini ya kila mguu, na usihifadhi maboksi ya karatasi sakafuni. Ukiona njia ya udongo ukutani usiifute tu: ifuatilie mpaka inakotokea, uweke dawa ya mchwa kwenye ufa wenyewe. Ukifuta bila dawa anafungua njia nyingine.

Dada Pazia
Jamani mapazia, maana ndiyo yanayobadilisha nyumba haraka kuliko kitu kingine, na mtumba ndiyo kwenyewe. Kosa la kwanza ni kupima dirisha badala ya kupima fimbo. Dirisha la futi 5 ni sentimita 152. Fimbo itoke sentimita 20 kila upande, inakuwa 192. Pazia likikusanyika vizuri linahitaji upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya fimbo, yaani kati ya 288 na 384.

Mapazia yanayotoka Uingereza yana vipimo vyao vya kawaida, na ukivijua huhangaiki kutandaza kila moja sokoni. Upana wa kila kipande ni sentimita 117, 168 au 229, urefu ni 137, 183 au 229. Vipande viwili vya 168 vinakupa 336, vinatosha dirisha la futi 5. Kwa la futi 4 (sentimita 122, fimbo 162) vipande viwili vya 117 vinafika 234: hiyo ni chini kidogo ya mara moja na nusu, yatafunga lakini hayatajaa sana. Lebo mara nyingi ipo kwenye mshono wa chini au wa pembeni, soma hapo kwanza.

Urefu: juu ya dirisha nyingi ni mita 2.1 kutoka sakafuni. Fimbo ukiiweka sentimita 18 juu yake unafika 228. Pazia la matundu ya pete hupanda sentimita 3 au 4 juu ya fimbo, hivyo la 229 linaishia sentimita 2 au 3 juu ya sakafu. Ndivyo inavyotakiwa Dodoma. Pazia linaloburuza linafagia vumbi na pindo lake linakuwa jekundu ndani ya wiki.

Kabla ya kununua, lishike juu uelekeze kwenye mwanga. Vitundu na mistari iliyofifia vinaonekana hapo, mkononi huvioni. Vuta kitambaa kwa vidole viwili karibu na pindo la juu: kikichanika kirahisi kimeshaozeshwa na jua huko kilikotoka, hata kama rangi inang'aa.

Kufua: maji yetu mengi ya visima yana chumvi, sabuni haitoi povu na inaacha ukungu mweupe kwenye kitambaa cheusi. Loweka usiku kucha na sabuni ya unga, suuza, na kwenye suuza ya mwisho tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwa ndoo ya lita 20. Harufu ya robota inatoka na ule weupe unapungua. Anika kivulini.

Jirani wa Ilazo
Dada Pazia, dirisha la magharibi linaunguza mapazia mazuri. Unashauri nini?

Dada Pazia
Nunua shuka la pamba la mtumba, jeupe au la rangi ya maziwa, ulishone nyuma kama bitana. Lishonwe juu tu na pembeni, chini liachwe huru na liwe fupi kwa sentimita 3. Ukilishona mpaka chini, siku ya kufua shuka linasinyaa tofauti na pazia na pindo lote linavutika. Bitana ikiisha kwa jua unaibadilisha kwa hela ndogo, pazia linabaki.

Mpangaji Kisasa
Kuna mapaleti yanauzwa huku karibu na maeneo ya ujenzi. Yanafaa kutengeneza kitanda?

Mbao Kavu
Yanafaa, ila soma mhuri kwanza. Mapaleti yaliyosafirishwa kimataifa yana mhuri wa ngano ndani ya kisanduku na herufi mbili. HT maana yake yamepashwa joto, hayo chukua. MB yamefukizwa kwa gesi ya methili bromidi, usiyaingize chumbani. Yasiyo na mhuri, au yenye madoa ya mafuta na kemikali, yaache.

Paleti la kawaida ni mita 1.2 kwa 1.0. Mawili ukiyaunganisha kwa upande wa 1.2 unapata mita 1.2 kwa 2.0. Godoro la futi 4 kwa 6 ni 1.22 kwa 1.83, kwa hiyo linakaa vizuri na miguuni panabaki sentimita 17 za kuwekea mto au taa. Futi 5 kwa 6 usijaribu kwa mawili. Unganisha kwa bamba za chuma na skurubu, usitumie misumari, mbao ya paleti hupasuka. Nyanyua kwa miguu ya sentimita 10 ili upitishe ufagio na umwone mchwa mapema.

Msasa: anza namba 80, fuata 120, malizia 180, siku zote kufuata nyuzi za mbao. Ukipitisha kinyume, mikwaruzo haionekani mpaka vanishi ikauke, na hapo umeshachelewa. Kwa meza au kabati la mninga ongeza namba 240, pangusa kwa kitambaa chenye thina kidogo, piga sandingi sila (rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) mara mbili, kati ya hizo sugua kidogo kwa 320, ndipo vanishi mikono miwili au mitatu. Fanya alfajiri kabla upepo haujaanza, ndani ya chumba ulichonyunyizia maji sakafuni. Ukipiga mchana, vanishi inakauka juu kabla haijajisawazisha: unabaki na michirizi ya brashi, mapovu na punje za vumbi.

Tahadhari: rangi ya mafuta ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi. Isugue ikiwa na maji, vaa barakoa, na watoto wakae mbali.

Mama wa Nala
Kioo kikubwa cha ukutani, fremu ya mbao, kama kilo 12. Ukuta wangu ni tofali za kuchoma. Kitakaa?

Mbao Kavu
Kitakaa, mama. Toboa kwa keeni ya zege ya milimita 8, weka fisha (vishikizo vya plastiki vya skurubu) za 8 na skurubu mbili zilizoachana kwa theluthi mbili ya upana wa fremu, usitundike kwenye moja. Drili izime ile kazi ya kugonga, maana tofali la kuchoma ni laini, likigongwa tundu linapanuka na fisha inazunguka bure. Toboa kwenye tofali lenyewe, usilenge ungio la udongo. Unga ukitoka mwekundu upo sawa. Ukitoka wa kijivu au wa udongo mlegevu, sogea sentimita 4. Na plasta peke yake haibebi kitu, skurubu iingie kwenye tofali angalau sentimita 4.

Kabla ya kununua kioo tazama kingo zake. Madoa meusi yanayoanzia pembeni yataendelea kusambaa. Yakiwa ndani ya sentimita 3 na bei ni nzuri, fundi vioo anakata ukingo wote na fremu inapunguzwa.

Mpangaji Kisasa
La mwisho kwangu wakuu: taa za mezani za mtumba, nyingine zimeandikwa 120V.

Jirani wa Ilazo
Hizo zimetoka Marekani. Umeme wetu ni volti 230. Kama ni taa ya balbu tu, isiyo na kitu kingine ndani, badilisha balbu, holda, waya na plagi, weka plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Ikiwa fremu ni ya chuma, waya uwe wa nyuzi tatu na ule wa ardhi ufungwe kwenye chuma chenyewe. Taa ya kuwasha kwa kugusa, au yenye kiboksi cha umeme ndani, iache, itaungua siku ya kwanza. Kivuli cha taa nacho kipime pete yake ya ndani kabla hujalipa, maana pete ya Marekani mara nyingi haikai kwenye holda ya hapa, na utalazimika kutafuta fundi wa kuchomelea.

Dada Pazia
Niongeze kwa wanaouliza waanze na nini wakiwa na hela kidogo: godoro jipya, mapazia ya chumbani, kisha kiti au kochi moja imara. Zulia lisubiri msimu wa vumbi upite, kwa sasa tandika mkeka. Vikapu vya milulu kutoka Iringa vinakaa vizuri ukutani na vinabeba vitu pia. Nitaweka jedwali la vipimo vya mapazia ya madirisha ya futi 6 na ya milango ya vioo kesho jioni. Mwenye kipimo cha ajabu aandike hapa, upana kwanza, urefu kutoka sakafuni pili.